Gauni Lenye Pindo Refu Mbele

Fundi Ismaili Shekimweri haamini kitu. Namjua vizuri, kwa sababu anashonea kwenye baraza la duka langu la vitenge hapa Lushoto mjini, upande wa juu wa soko, na ukikaa na mtu baraza moja miaka yote hii utamjua hata kama hutaki. Maziwa anayanusa kwanza. Kitufe anakiuma. Uzi mpya anauvuta kwa meno, kisha anautazama kama mtu aliyemtukana. Redio ikisema kesho jua, yeye anakuja na mwavuli. Kuna mgeni mmoja aliyekuwa akielekea Irente kutazama mandhari, alisimama barazani akashonewa mfuko uliochanika, akamsifia sana, akamwambia hajawahi kuona fundi mwenye mkono mwepesi kama wake. Mgeni alipoondoka Ismaili aliniinamia.

"Mama Edgar, yule alikuwa anataka nini?"

"Alitaka kukusifia, fundi."

"Hapana," akasema. "Kuna kitu."

Kila siku kwake kuna kitu. Nilikuwa nikimtania kwamba siku ya kufa atamdai malaika kitambulisho. Alikuwa anacheka, lakini si sana.

Kitu kimoja tu alikiamini, nacho ni jicho lake. Huku kwetu, kuanzia Juni mpaka Agosti, baridi inang'ata. Ukungu unashuka kutoka Magamba alfajiri na unaondoka unapojisikia wenyewe. Mwanamke gani atavua sweta ili apimwe kifua na kiuno katika hali hiyo, tena barazani, watu wakipita na matenga ya karoti? Na fundi gani mwenye adabu atamwambia avue? Kwa hiyo mafundi wetu wanapima juu ya sweta, halafu wanatoa. Ismaili anakuzungushia futikamba, anafumba jicho moja, ananong'ona "toa sweta", na kichwani mwake anapunguza kadiri anavyoona inafaa. Sweta jembamba la shule linatolewa kidogo. Yale mazito ya mitumba, yenye shingo ndefu, yanatolewa sana. Hajawahi kukosea. Mlete fundi wa Tanga mjini mwezi wa Julai, atawavisha wanawake wa Lushoto magunia. Ismaili anakutazama tu na gauni linakukaa.

Mkewe, Mwanahawa, alifariki binti yao Zakia akiwa darasa la nne. Mtoto akakulia chini ya cherehani ya baba yake, hapohapo barazani kwangu, akiokota vitufe na kufumua mishono iliyoharibika. Kabla hajamaliza darasa la nne alikuwa anajua kutofautisha bitana na kitambaa cha juu. Alikua akawa binti aliyejaa vizuri, wa kucheka mpaka mabega yanatikisika, na nilimpenda kama wangu. Baadaye akapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha jamu, akawa anashinda amesimama akimenya na kukoroga matunda, na jioni anapitia dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo unanuka plamu au zambarau?"

"Leo limau," atasema, na kunipa mkono ninuse.

Mwaka huu akaposwa na Salimu wa Soni, kijana anayenunua kabichi na karoti kwa wakulima na kuzipeleka Dar. Ndoa ikapangwa mwisho wa Agosti. Ismaili alimchunguza Salimu kwa miezi, akauliza Soni nzima, asione kitu, na kutoona kitu kukamtia wasiwasi zaidi. Hata hivyo alikubali. Na kama ilivyo kawaida yetu, aliyetakiwa kumwandaa bibi harusi, kumfunda na kuongea naye yale ambayo baba hawezi kuyatamka, alikuwa shangazi yake.

Shangazi huyo ni Rukia, dada yake Ismaili, mkazi wa Mombo kule chini barabarani, kwenye joto. Rukia anapanda mlima kila siku ya soko. Zamani alileta chumvi na dagaa. Mwaka huu alileta dawa ya kupungua. Ni unga wa kijani, anaupokea kwenye kiroba kinacholetwa na basi kutoka Dar, kisha anaupakia kwenye vifuko vya kitambaa vyenye kamba. Juu ya kila kifuko anabandika karatasi: Shepu Asilia, Mimea ya Milima ya Usambara. Inayeyusha mafuta, inakata kitambi, inarudisha kiuno cha usichana, haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Vifuko alivishona kaka yake Ismaili kwa vipande vilivyobaki kwenye vitenge vyangu.

Mimi nimezaliwa milima hii. Baba yangu alichunga, mama yangu alichanja kuni msituni, bibi yangu alitutibu kwa majani mpaka akazeeka. Nikamuuliza Rukia, ni mimea gani hiyo ya Usambara?

"Ya msituni."

"Msitu upi?"

"Wee Mama Edgar, maswali mengi. Nunua unywe upungue, utaujua msitu mbele ya safari."

"Na kama ni ya huku kwetu, mbona inakuja na basi kutoka Dar?"

Akacheka, akanipiga begani, akaenda kuuza. Mdomo wa Rukia hauna breki, lakini hapo ulikuwa nazo. Nikamgeukia Ismaili. Nilidhani mtu anayemshuku hata malaika atasema neno juu ya unga usio na jina. Alikuwa anavuta kamba kwenye kifuko.

"Mambo ya wanawake hayo," alisema. "Hayanihusu."

Mwezi wa Juni Ismaili alianza kukosa raha. Sikujua sababu wakati ule. Aliniambia mwenyewe baadaye, yote yalipokwisha kulipuka, kwa hiyo nayaeleza kama alivyoniambia.

Zakia aliacha kula na baba yake. Alikuwa akimpakulia, kisha anasema amekula kazini. Asubuhi Ismaili alimsikia akikimbilia chooni, na kabla yeye mwenyewe hajamaliza kuvaa viatu, akikimbilia tena. Siku nyingine alimsikia anatapika nyuma ya nyumba, taratibu, kama mtu asiyetaka kusikika. Alimwona ameshika ukuta akisubiri kizunguzungu kimpite. Na sweta. Zakia, aliyekuwa akidharau baridi na kutembea mikono wazi, sasa halikumtoka mwilini sweta moja kubwa la kijivu, la mtumba, linalofika mapajani. Hata jikoni, mbele ya moto, alikuwa nalo.

Jumlisha mwenyewe. Baba wa binti aliyeposwa, binti anatapika asubuhi, hali, anaona kizunguzungu, na anajificha ndani ya nguo pana. Ismaili alijumlisha akapata jibu. Zakia ana mimba.

Sasa kwetu baba hamuulizi binti habari za mwili wake. Angekufa kwanza. Njia ipo, na inajulikana: unamwita dada yako, unamwambia nenda kaongee na mtoto, anaenda, anarudi na majibu. Ni jambo la jioni moja. Lakini Ismaili alimfikiria Rukia na ule mdomo wake, akaona habari inashuka na basi, inafika Mombo, inapita Korogwe, na inapanda tena mpaka Soni, moja kwa moja sebuleni kwa wazazi wa Salimu. Akamshuku dada yake. Hakumwita.

Halafu akaanza kumshuku Salimu. Je, mimba ni yake au si yake? Kama ni yake, basi kijana hana adabu. Kama si yake, basi siku akijua itakuwaje? Salimu alikuja kumsalimia mkwewe mtarajiwa na mfuko wa njegere. Nilikuwepo. Ismaili aliitikia shikamoo yake, kisha akaanza kuzipasua zile njegere moja moja, akizitazama ndani.

Siku moja akitafuta kiberiti jikoni alikuta, nyuma ya debe la unga, kopo la siagi lisilo na siagi. Ndani mlikuwa na unga wa kijani wenye harufu kali. Kifuko chake alichokishona kwa mkono wake hakikuwepo. Kingekuwepo angejua. Zakia alikuwa ameuhamishia kwenye kopo usiingie unyevu, maana huku kwetu chumvi yenyewe inalia maji. Kwa hiyo Ismaili aliona majani yaliyosagwa, yamefichwa, na ndani ya nyumba mna binti anayeficha tumbo. Akajumlisha tena. Anataka kuitoa.

Aliniambia kwamba alikaa kwenye kigoda. Akafikiri kuupeleka ule unga duka la dawa, lakini muuzaji wa pale si ndugu yake, atajua na kusema. Basi akafanya anachofanya kwa maziwa na uzi. Akauonja. Si kidogo. Alikoroga kijiko kizima kwenye chai ya rangi, akanywa.

Siku iliyofuata naikumbuka vizuri sana. Fundi alikaa kwenye cherehani, akapiga mshono mfupi, akainuka mbio kuelekea choo cha soko. Akarudi kajikunja, akakaa, akainuka. Mpaka adhuhuri alikuwa hajamaliza kola moja ya shati. Nikamuuliza amekula nini.

"Maharage," akasema, jasho likimtoka katika baridi ile.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye alikuwa anafikiri jambo jingine kabisa: dawa inayomkoroga mwanamume mzima hivi, itamfanya nini mtoto aliye tumboni? Jioni alirudi nyumbani mapema, akalimwaga lile kopo kwenye shina la mparachichi, akaliosha na kulirudisha mahali pake likiwa tupu.

Zakia alilikuta tupu. Alidhani baba amegundua anakunywa dawa ya kupungua na amekasirika, na kwa kuwa baba hakusema, naye hakusema. Akanunua kifuko kingine kwa shangazi yake, akawa anakiweka kazini. Wakawa wanaishi nyumba moja, mmoja hali na mwingine anatazama sahani ya mwenzake, na kila mmoja anadhani mwenzake anajua.

Ikafika siku ya kupima gauni la harusi. Nilimpa Zakia satini ya rangi ya maziwa, zawadi yangu. Akasimama katikati ya duka, baba yake akamzungushia futikamba juu ya lile sweta la kijivu. Alikuwa hamtazami usoni. Akafumba jicho moja, akanong'ona "toa sweta", halafu akazungusha futikamba mara ya pili, jambo asilolifanya kamwe. Nikadhani ni uchungu wa baba anayemtoa mwanawe. Nikamhurumia.

Nilipomwona anakata ile satini ndipo na mimi nilipoingiwa na ugonjwa wake. Kiuno alikipandisha juu, chini ya kifua. Hapo akaacha marinda mengi. Na kipande cha mbele alikikata kirefu kuliko cha nyuma. Mimi nimezaa, nimeuza vitambaa nusu ya umri wangu. Najua gauni la namna hiyo linashonewa nani. Tumbo linapoinuka linavuta nguo juu, kwa hiyo fundi anaongeza mbele ili pindo likae sawa.

"Mtindo gani huo, fundi?"

"Wa siku hizi," akasema, bila kuinua kichwa.

Nikamtazama, naye akajua nimeelewa. Tangu siku hiyo Zakia akipita dukani na kunipa shikamoo, macho yangu yalikuwa yanashuka tumboni kwake kabla hayajarudi usoni. Najichukia kwa hilo. Kama ningetazama uso kwa makini ningeona mashavu yamekwisha.

Wiki moja kabla ya harusi alikuja kulijaribu. Ukungu ulikuwa mzito, taa ya duka nimeiwasha mchana. Ismaili alisimama karibu na mlango, pini mdomoni. Zakia akaingia nyuma ya pazia. Tukasikia nguo zinavuliwa. Alikaa huko kwa muda. Nikaita, "Zakia, nikusaidie?"

Pazia likafunguka.

Fundi huanza kutazama pindo. Ismaili akatazama pindo. Nyuma liliishia kwenye kisigino, vizuri kabisa. Mbele lilikuwa limelala sakafuni kama shuka lililoanguka kitandani. Akainua macho taratibu, kwenye marinda yaliyoning'inia bila kitu ndani yake, kwenye mabega ya satini yaliyokuwa yanateleza, mpaka kwenye mikono. Sijawahi kuona mikono ya namna ile kwa mtu anayetembea. Mifupa ya shingo ilikuwa inahesabika. Nyuma yake, juu ya kiti changu, niliona masweta matatu. Lile la kijivu, na chini yake jekundu la shule, na chini yake jingine la kusuka. Kadiri alivyopungua ndivyo alivyosikia baridi, na kila aliposikia baridi aliongeza sweta ndani, na sisi sote tukawa tunaona lile la juu tu. Jicho la Ismaili lilikuwa limetoa sweta moja.

"Baba," Zakia alisema. "Mbele umeongeza."

Ismaili alitoa pini mdomoni, moja moja.

"Umeongeza mbele, na hapa chini ya kifua umeacha nafasi." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali apandishe. "Nimekulia chini ya cherehani yako. Najua gauni hili linashonewa nani."

"Mwanangu."

"Ulidhani nina mimba. Tangu lini, baba?"

Akanitazama na mimi. Nikatazama sakafu, na hilo likawa jibu.

"Ile dawa," Ismaili akasema. "Ile uliyoificha kwenye kopo."

"Dawa ya shangazi. Ya kupungua. Si ndiyo unayoishonea mifuko?"

Nadhani hakuna kitu ambacho Ismaili angeweza kuambiwa siku ile kikamwumiza zaidi. Alishika ukingo wa meza. Zakia alitaka kugeuka arudi nyuma ya pazia, akakanyaga lile pindo refu, akapepesuka, akaniangukia mimi. Alikuwa mwepesi kama mtoto wa shule. Moyo wake nilikuwa nausikia kupitia satini, unakwenda mbio, unasita, unakwenda tena.

"Mama, sina nguvu," aliniambia. "Siku nyingi sina nguvu."

Jirani yangu Aron alitoa gari. Hospitalini wakamwekea dripu, wakampima, wakampima tena. Daktari aliomba aone dawa, Zakia akanielekeza, nikakimbia kukileta kifuko kutoka kazini kwake. Aliifungua, akainusa, akaisoma ile karatasi ya mimea ya milima ya Usambara.

"Mnajua ni nini?" akatuuliza.

Tukasema hatujui.

"Mimi pia sijui. Ndiyo maana naogopa." Alieleza kwamba mwili umeishiwa maji na chumvi zake, na chumvi zikiisha moyo unapoteza mwendo. Alisema ni vizuri hatukungoja harusi. Akachukua unga kidogo upelekwe kupimwa. Mpaka leo hatujaletewa majibu, na mimi nimeanza kushuku kwamba hayataletwa.

Rukia alipanda mlima siku ileile, analia kuanzia stendi. Nilimngoja kwenye ngazi za hospitali. Sikumpa hata pole.

"Wewe mwenyewe umewahi kuinywa?" nikamuuliza.

Akafuta machozi na ncha ya mtandio. Akatazama pembeni.

"Rukia. Umewahi kuinywa?"

"Mimi tumbo langu ni dhaifu," akasema.

Nikamwacha pale. Wengine watasema nilikuwa mkali. Ndiyo, nilikuwa mkali.

Zakia alinieleza yaliyomfikisha huko, kidogo kidogo, nikimnywesha supu. Siku wanawake wa upande wa Salimu walipokuja kumwona, mmoja alimshika mkono wa juu, akauminya kama anayechagua kuku, akamwambia mwenzake kwamba huyu atamaliza chakula cha nyumba. Wakacheka. Zakia naye alicheka. Halafu shangazi akamwambia picha za harusi hazifi, zinakaa milele kwenye simu za watu. Basi. Salimu aliposikia alikuja na mapea mpaka mfuko unakatika, akakaa kwenye benchi, akasema yeye alimposa Zakia aliyemwona, wala hakuagiza mwingine. Ndoa ikasogezwa mbele ili apate nguvu.

Kwa baba yake, Zakia aligeukia ukutani. Ismaili alikuwa anakuja kila siku na chakula, anakaa, anakunja kofia yake na kuikunjua. Zakia anamwamkia kama inavyopasa, "Shikamoo, baba," na baada ya hapo hakuna neno. Chakula chake hakukigusa mpaka awe ameondoka. Siku ya kutoka hospitali akanipa ujumbe nimpelekee.

"Mwambie harusi ipo. Ila gauni nitashonewa na mtu mwingine."

Nilimsihi asinitume. Akasema nisipokwenda ataandika. Nikaenda. Ismaili alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Nilipomaliza kusema, uzi haukuingia tena mpaka tunafunga duka.

Unaelewa maana yake? Mji mzima umevaa mkono wa Ismaili. Wanawake wa Kiislamu, wa Kilutheri, masista, walimu. Binti yake wa pekee atoke siku ya ndoa na mshono wa fundi mwingine, kila jicho litauliza kwa nini. Nilidhani atakwenda kumwomba. Au atakasirika, aseme yeye ndiye mzazi. Hakufanya hivyo.

Siku ya soko iliyofuata alifika mapema kuliko mimi. Alikuwa ameitoa cherehani pembeni, amekaa mbele kabisa ya baraza, pale ambapo kila anayepanda sokoni lazima apite, na lile gauni la satini liko mapajani mwake. Ameshika wembe. Anafumua. Alianza na marinda ya chini ya kifua, mshono mmoja mmoja, akipuliza vipande vya uzi.

Watu walisimama, maana wote walijua gauni lile ni la nani.

"Fundi, mbona unafumua gauni la mwanao?"

"Nimekosea."

"Wewe?"

"Mimi."

Wakacheka, wakadhani ni utani. Akaja mwingine mwenye tenga la nyanya. Akaja mwalimu. Akaja mama mmoja aliyewahi kumdai fidia ya gauni lililombana, na wakati ule akaambiwa kanenepa yeye. Wote aliwajibu hivyohivyo, nimekosea mimi, wala hakueleza amekosea nini, maana kueleza kungemchafua mtoto upya. Mtu ambaye hajawahi kukubali kwamba hata kitufe alikishona kombo. Niliona aibu kumtazama na niliona fahari pia. Nikaenda ndani nikajifanya napanga vitenge.

Lushoto si kubwa. Habari kwamba fundi Ismaili kakosea zilifika nyumbani kwake kabla ya adhuhuri. Nikamwona Zakia anakuja na njia ya juu, taratibu, akipumzika kila baada ya nyumba chache, ndani ya sweta lake la kijivu. Akasimama mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Watu wanasema umekosea."

"Nimekosea."

"Umekosea nini?"

Ismaili aliweka wembe chini. Akatazama kama kuna anayesikiliza, nami nikajificha nyuma ya pazia, lakini masikio sikuyaficha. Alimjibu kwa Kishambaa, lugha yao ya nyumbani. Alimwambia, nilipaswa kukuuliza. Niliogopa jibu, nikajijibu mwenyewe, na nikakupa jibu la mtu mbaya. Wewe si mtu mbaya. Halafu akaanza kulia, mzee mzima, mbele ya soko, na wala hakufunika uso.

Zakia akaingia dukani, akapita mbele yangu, akavua sweta la kijivu, akalitundika kwenye msumari. Chini yake hakukuwa na jingine. Alikuwa na blauzi tu, na ukungu ulikuwa unaingia mlangoni.

"Njoo unipime," akamwita baba yake.

Ismaili aliingia akifuta macho na kiwiko. Akamzungushia futikamba kiunoni, akafumba jicho moja kwa mazoea, na midomo ikaanza kunong'ona "toa". Akasita. Akalifumbua lile jicho. Futikamba akaisoma ilivyo, asipunguze kitu, asiongeze kitu.

"Umekula leo?" akamuuliza.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimuuliza.

"Nimekula, baba. Ugali na maharage, na pea moja."

Ismaili akaamini.